Wanafunzi wa Biashara na Programu za Takwimu

Swali: Nafundisha takwimu katika chuo cha biashara. Wanafunzi wangu huichukia programu ya takwimu ya SPSS, na wakati wa tasnifu humlipa mtu awafanyie uchambuzi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu mwalimu, chuki hiyo aghalabu si ya programu, bali ni hofu ya hesabu waliyotoka nayo shuleni. Fred Davis wa Marekani alibainisha mwaka 1989 ya kwamba mtu huikubali zana ya kompyuta kwa kadiri aionavyo kuwa na manufaa na wepesi. Nasi walimu, taabu yetu, huhangaikia wepesi tukaghafilika na manufaa. Ili wayaone manufaa, wape daftari la mauzo la duka wanalolijua, wampe mteja mwanamume namba 1 na mwanamke namba 2, kisha watafute wastani wa jinsia: programu itatoa, tuseme, 1.4 bila kusita, nao watatambua kwamba mashine haimkosoi bwana wake, hivyo humfaa tu anayeelewa anachoiuliza. Bei ya SPSS ikiwa kikwazo, programu ya R, iliyoasisiwa New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman, hupatikana bure. Ama hao walipao watu, usiwapime kwa karatasi pekee. Mketishe kila mmoja mbele ya kompyuta, akufasirie jedwali lake mwenyewe.