Kuandaa pikipiki ya magurudumu manne kwa uvuvi wa barafuni

Swali: Naishi Minnesota. Pikipiki yangu ndogo ya magurudumu manne niiandaeje kwa uvuvi wa barafuni?

Jibu: Betri ipimwe, maana baridi huila nguvu yake. Oili nzito imwage, weka 5W-30 au 0W-40 kama kitabu chake kinaruhusu.

Ninachokihofia zaidi, ndugu yangu, ni waya wa mafuta. Unyevu ukiganda ndani ya ala yake, hata ukiachia kidole, injini inazidi kunguruma. Uukaushe, uulainishe. Kabla ya kuwasha, wenzo wa mafuta, ule wa kidole gumba, ubonyeze, uuachie: lazima urudi wenyewe, tak!

Magurudumu yafunge minyororo. Ziwani, shuka, toboa, pima: inchi 5 hadi 7 za barafu mpya, angavu. Ikiwa nyeupe, dai maradufu.