Padre Aliyehesabu Mwanzo wa Ulimwengu

Wako wenzetu wasemao kuwa ashikaye sayansi huiacha dini. Je, wamesikia habari za Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji? Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akasema ulianza kama atomu moja. Siku hizi wataalamu hukadiria umri wake kuwa miaka milioni 13,800 hivi.

Mwaka 1951 Papa Pius XII alisema elimu hiyo yashuhudia uumbaji. Lemaître hakupendezwa, ingawa alikuwa padre: kwake hesabu haikumthibitisha Mungu wala kumkanusha. Nami namwunga mkono, maana hesabu zikisahihishwa kesho, imani iliyojengwa juu yake itasimama wapi?

Mwaka 1966, muda mfupi kabla hajafa, aliletewa habari kwamba mabaki ya joto la mwanzo ule yamegunduliwa angani.