Mifupa Yaumbwaje, na kwa Nini Mguu wa Mtoto Haungoji



Katika kijiji kimoja cha Handeni, bibi mmoja alinionyesha mjukuu wake wa siku kumi na mbili. Wayo wake wa kulia ulikuwa umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu. Majirani walikwisha kumtupia mama lawama, kila mmoja na mwiko wake aliodai umevunjwa. Bibi hakuwajali. Aliniuliza, "Mwalimu, mfupa uliokwisha kupinda waweza kunyooshwa bila ya kuvunjwa?"

Swali hilo lilikuwa na maana kuliko maneno yote ya majirani. Ili kulijibu, yatupasa kujua mfupa huanzia wapi.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Muuminun, yataja mifupa miongoni mwa hatua za kuumbwa kwa mtu tumboni. Elimu ya tiba nayo yatueleza kwamba sehemu kubwa ya mifupa haianzi ikiwa migumu. Kwanza hutengenezwa umbo la gegedu, yaani kitu laini kama kile kilichomo masikioni mwetu. Kuanzia karibu na juma la nane la mimba, mishipa ya damu huingia katika gegedu la mifupa mirefu, chembe za kujenga mfupa huifuata, nazo huweka chokaa mahali pake. Kazi hii huanzia katikati ya mfupa na kuelekea nchani. Mifupa ya bapa ya fuvu hufuata njia nyingine: hujengwa ndani ya utando, wala haipitii gegedu. Ndiyo sababu utosi wa mtoto hudundadunda; pale mifupa haijakutana, na kwa kawaida hufunga kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili.

Mtoto huzaliwa na vipande vya mifupa vipatavyo 300, ilhali mtu mzima ana 206. Havikupotea, bali vimeungana. Karibu na ncha za mifupa mirefu hubaki tabaka la gegedu ambalo ndilo hutuongezea kimo, mpaka ligeuke mfupa mwishoni mwa ujana. Mtulinga humaliza kazi hiyo mwisho kabisa, mtu akikaribia miaka 25.

Sasa turudi kwenye wayo. Mtu mzima ana mifupa saba nyuma ya wayo, kuanzia kisigino. Siku ya kuzaliwa, kwa kawaida ni miwili au mitatu tu iliyoanza kuwa mfupa, na hata hiyo kwa kiini chake tu. Iliyobaki yote ni gegedu. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, hawakuwa wakisema habari za nyayo, lakini hapa neno lao ni kweli tupu.

Hali ile huitwa mguu kifundo. Humpata takriban mtoto mmoja katika kila elfu, na wavulana zaidi kuliko wasichana. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Marekani, alionyesha namna ya kuutibu bila ya upasuaji mkubwa. Mguu hugeuzwa taratibu kwa mikono, kisha hufungwa plasta ngumu, nayo hubadilishwa kila juma, kwa kawaida mara tano hadi saba. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa, kisha hujiunga yenyewe. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ni miongoni mwa zinazotoa tiba hii. Muuguzi wa zahanati aweza kukuelekeza iliyo karibu nawe.

Ugumu hauko kwenye plasta. Uko kwenye viatu vilivyounganishwa kwa fito, ambavyo mtoto huvaa usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala mpaka apate miaka minne hivi. Wazazi huona mguu umenyooka, wakaviweka uvunguni, na wayo ukarudi ulikotoka.

Nilimjibu bibi kwamba mfupa wenyewe ulikuwa bado haujawa mfupa. Juma lile mama alipanda basi kwenda Korogwe. Bibi alihesabu safari kwa mafundo ya uzi wa katani. Nilipopita tena mafundo yalikuwa sita, naye alinizuia mlangoni kwa kidole mdomoni. Mtoto alikuwa amelala na viatu vyake.