Njia ya baiskeli yaleta foleni?

Swali: Barabara kuu ya mji wa Bunia imejaa pikipiki na malori. Kutenga njia ya baiskeli si kuongeza foleni?

Jibu: Hoja hiyo imeshafikishwa mahakamani. Novemba 2024 jimbo la Ontario, Kanada, lilipitisha sheria ya kuondoa njia za baiskeli kwenye barabara tatu za Toronto, likidai zinachelewesha magari. Julai 2025 jaji aliikataa sheria hiyo: ushahidi ulionyesha foleni isingepungua, na maisha ya waendesha baiskeli yangehatarishwa.

Bunia hatari ni kubwa zaidi. Anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa, mgongo umeinama, hawezi kulikwepa lori ghafla.

Atengewe njia, tena yenye ukingo wa zege. Mstari wa rangi peke yake hauzuii pikipiki.