Kasiksi Huulizwa Siku Yake: Kuandaa Siku ya Kuonja Nyumbani Mabanga

Divai ya zabibu watu huuliza ni ya mwaka gani. Kasiksi huulizwa imekamuliwa lini. Familia ya Mabanga, mjini Goma, inayotengeneza pombe hii ya ndizi, ikitaka kuita wageni waje kuonja, ianzie kwenye swali hilo. Wengi huchota kutoka bidoni moja, wakajaza vikombe, wakafungulia muziki, na jioni wakashangaa kwamba hakuna aliyeweka oda. Wageni walikunywa, lakini hawakuonja.

Mpe mgeni vikombe vinne vidogo: mutobe, yaani maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi hiyo, kasiksi ya siku moja, ya siku mbili na ya siku tatu. Ndizi ni zile zile na mikono ni ile ile, ila vinywaji ni vinne. Sukari inapungua, povu linapanda, ukali unaingia, na kwenye kikombe cha nne harufu ya mtama uliotiwa kuchachusha inaizidi ya ndizi. Mtu akishayatambua hayo kwa ulimi wake, haombi tena kasiksi yoyote iliyopo. Ataagiza ya siku mbili kwa harusi ya binti yake, ya siku tatu kwa wazee watakaokuja kupokea mahari. Hapo ndipo faida ya familia ilipo.

Kwanza uchague tarehe. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo watengenezaji wa divai wa huko wana mavuno ya kufuata. Mgomba wetu hukatwa mwezi wowote, kwa hiyo msimu wa kasiksi hufuata mvua na sherehe za watu. Goma mvua ni nyingi kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha tena kuanzia Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi: barabara za Masisi na Rutshuru hupitika vizuri zaidi, shule zinafungwa, harusi zinapangana. Fanya siku yako kubwa ya kwanza mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kabla familia zenye harusi hazijaweka oda kwingine. Ya pili iwe wiki mbili za mwanzo za Desemba. Usingoje Noeli yenyewe. Wanaokuja kuonja tarehe sita watachukua bidoni tarehe ishirini na nne na kwa Bonane. Wanaokuja tarehe ishirini na tatu watakunywa tu na kwenda zao.

Tazama pia mwezi angani. Hakuna kinachowapita sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa kusindikiza kasiksi, na wavuvi wa Ziwa Kivu huwavua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti vizuri, samaki wanapungua sokoni na bei inapanda. Jumamosi iliyo mbali na mbalamwezi itakupunguzia gharama ya sahani nzima ya wageni.

Ndizi zije siku nane kabla. Mikungu inaingia mjini kwa malori, kwa mashua kutoka Idjwi hadi bandari ya Kituku, na mwisho wa safari ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mpaka mlangoni. Tafuta ndizi za pombe, kama kayinja au Yangambi Km 5, ambayo jina lake limetoka kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi kule Tshopo. Nunua mbichi, zilizokomaa, za shamba moja ikiwezekana, ili ziive pamoja. Kabla ya kulipa, katiza kidole kimoja kutoka katikati ya mkungu. Nyama ikiwa na madoa ya kahawia yenye rangi ya kutu, au baadhi ya vidole vimekuwa njano na vingine ni kijani kibichi, uache. Huo ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioingia Masisi mwaka 2001 na kuharibu migomba mingi ya Kivu. Haumdhuru anayekula, lakini tunda lake huiva ovyo na halitoi maji mazuri. Nasisitiza hili kwa sababu hakuna ufundi wa nyumbani utakaookoa ndizi mbaya.

Kijijini ndizi huivishwa kwenye shimo lenye moshi. Mabanga Nord au Mabanga Sud utachimba wapi? Chini ni mawe ya volkano, jembe haliingii. Tumia pipa safi ambalo halijawahi kubeba mafuta wala dawa, au jukwaa la mbao juu ya mafiga ya jiko la nje. Panga mikungu, funika kwa majani ya mgomba na gunia, kisha pitisha moshi mwepesi asubuhi na jioni. Unachotaka ni joto na moshi bila mwali wa moto. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku wake ni baridi. Ndizi ambayo Uvira ingeiva kwa siku tatu, hapa hesabu tano, na wakati wa mvua sita. Usiweke pipa ndani ya chumba wanamolala watoto.

Kwa hiyo, wakati wa kiangazi, kama wageni ni wa Jumamosi, ndizi ziingie kwenye moshi Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Jumatano asubuhi zitakuwa njano, laini, ganda linachubuka bila kisu. Siku hiyo kamua sehemu ya kwanza, itakayokuwa kasiksi ya siku tatu. Alhamisi kamua ya pili, Ijumaa ya tatu, na Jumamosi alfajiri kamua mutobe. Zilizobaki hukaa vizuri ndani ya maganda yake mahali penye kivuli. Andika tarehe na saa kwa makala kwenye kila bidoni. Kosa la kuchanganya bidoni mbili haliwezi kurekebishwa siku ya wageni, na hadithi yote ya siku hiyo inategemea zile tarehe.

Kukamua kunajulikana: ndizi zilizomenywa, nyasi kavu ngumu zilizooshwa, na mikono inayokanda mpaka maji yajitenge na nyama. Wahaya wa Kagera hufanya kazi hiyo ndani ya mtumbwi, wakikanyaga kwa miguu, wanapotengeneza lubisi. Kwa kundi dogo la Mabanga, beseni na mikono vinatosha. Nitakaa zaidi kwenye maji, kwa maana kipindupindu hakijawahi kuupa mji huu likizo ndefu. Maji yote yanayoongezwa kwenye kinywaji yachemshwe na kupozwa yakiwa yamefunikwa. Maji ya kuoshea vikombe yatiwe klorini. Anayekamua anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na mwenye tumbo linaloharisha wiki hiyo asiguse kitu. Wengi hupunguza ukali wa sukari kwa kuongeza sehemu moja ya maji kwa sehemu tatu za mutobe, kisha hutia karibu kilo moja ya unga wa mtama uliokaangwa kwa kila lita kumi na mbili. Lolote utakaloamua, lifanye sawasawa kwa makundi yote matatu. Ukibadilisha kipimo Alhamisi, mgeni ataonja kipimo chako, hataonja siku.

Chachu inakula sukari na kutoa kileo pamoja na gesi. Gesi hiyo ni ile ile ya mazuku ambayo watu wa Goma wanaijua na kuiogopa: haina harufu, ni nzito kuliko hewa, hulala chini. Bidoni mbili tatu kwenye uwanja si hatari. Mapipa kadhaa kwenye chumba kidogo kilichofungwa, mtoto akiwa amelala mkekani, ni hatari ya kweli. Weka kasiksi penye hewa, uifunike kwa kitambaa safi na jani la mgomba, mfuniko uachwe legelege. Chupa iliyokazwa hupasuka. Kwa upande mwingine, ukiiacha wazi kabisa kwa siku nyingi, bakteria wa hewani huigeuza kuwa siki. Nakushauri uhifadhi kikombe kimoja cha siku ya sita pembeni, si cha kunywa, bali cha kunusisha. Mgeni akiijua harufu ya kasiksi iliyokufa, hatadanganywa tena mahali popote.

Siku yenyewe ianze saa nane mchana na imalizike saa kumi na moja. Goma kila mtu anataka kuwa kwake kabla ya giza, na mwenyeji mwema analiheshimu hilo. Mjulishe shefu wa avenyu mapema, na majirani wa ukuta kwa ukuta wapate mwaliko. Moshi wako wameuvumilia wiki nzima. Wageni ishirini wanatosha kwa parseli ya kawaida. Kila mmoja akipata desilita moja ya kila kinywaji, ni lita mbili kwa kila siku, nane kwa jumla. Zinazobaki ni za kuuza.

Tumia glasi. Kikombe cha plastiki cha rangi kinaficha nusu ya somo, maana mgeni anatakiwa aone jinsi kinywaji kinavyozidi kuwa chepesi kadiri unga unavyotulia chini. Kila mtu na glasi yake. Desturi ya kupokezana kikombe kimoja ni nzuri kwa undugu lakini si kwa mji wenye kipindupindu. Anza na mutobe, panda kuelekea siku ya tatu, usirudi nyuma, kwa sababu baada ya ukali wa siku ya tatu mutobe huwa kama maji matupu. Kati ya glasi na glasi, maji ya kunywa na karanga zisizo na chumvi. Fromaji ya Masisi iende na mutobe. Chumvi yake na ule utamu vinapendana sana. Sambaza wa kukaanga, wakiwa wa moto, wasubiri glasi ya tatu.

Anayezungumza awe yule aliyekamua. Mara nyingi ni mama wa nyumba, na mara nyingi ndiye aliyefichwa jikoni huku kijana mwenye shati zuri akieleza asiyoyajua. Mama akae mbele. Aseme ndizi zimetoka wapi, zimekaa siku ngapi kwenye moshi, kwa nini mvua ya wiki hii imechelewesha povu. Maneno machache, kisha awaulize wageni wanaonja nini kabla hajawaambia. Majibu yao yaandikwe.

Watakuwepo wasiokunywa pombe: watu wa makanisa mengi, Waislamu, wajawazito, watoto. Hao wana mutobe, na uwe mutobe kweli, kwenye bidoni yake, na mchoteo wake, usiowahi kugusa unga wala kasiksi ya jana. Mutobe huanza kuchachuka siku hiyo hiyo, kwa hiyo ule wa jioni upashe moto mpaka utoe mvuke, kisha uufunike na kuupoza. Usimwambie mtu hauna kileo wakati umekaa tangu jana.

Kanyanga isiingie uani hata kwa ombi la rafiki. Ni kinywaji cha mtambo, hakuna anayejua kilichomo ndani yake hadi mtu ameumia, na glasi moja tu itafuta yote ambayo ulimi wa mgeni umejifunza mchana kutwa.

Kuhusu malipo, ingizo la bei ndogo lifidie ndizi, chukudu, mtama, makala na sambaza. Usitafute faida hapo. Arusha kuna kampuni ya kifamilia, Banana Investments, iliyoanza na divai ya ndizi miaka ya 1990 na leo inauza kwa chupa nchini Tanzania. Mnunuzi wa chupa hutegemea kupata ladha ile ile aliyoipata mara ya kwanza. Nyumbani kwako uthabiti huo utatoka kwenye daftari. Kabla wageni hawajaondoka, daftari lipite: jina, tarehe ya sherehe, lita ngapi, ya siku ya ngapi. Pokea sehemu ya malipo kwa Airtel Money au M-Pesa, maana hiyo ndiyo itakayonunua mikungu. Halafu hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kila sherehe: siku za kuchachuka, siku ya kukamua, siku tano au sita za moshi, siku ya kwenda Kituku. Kila tarehe iandikwe ukutani, na bidoni zioshwe usiku huo huo kabla machicha hayajakauka ndani.