Dondoo muhimu: Mkataba umeisha, wenzako wapo

Riposti, yaani kazi ya kupambana na Ebola mashariki mwa Kongo, ilipofungwa Juni 2020, wengi wa madereva, wapulizaji dawa na wafuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa huko Beni na Butembo walibaki bila kazi. Februari 2021 ugonjwa ukarudi upande wa Butembo, Oktoba ukarudi Beni, na ujuzi wao ukahitajika tena.

Ili nawe upatikane ukihitajika tena, kwanza, cheti cha kazi. Kiombe kabla mkuu wako hajahamishwa: kiwe na sahihi, muhuri, tarehe na kazi uliyofanya hasa. “Mfanyakazi” peke yake haitoshi.

Pili, namba ya simu usiibadilishe ovyo, wasije wakakukosa.

Tatu, wasalimie wenzako wa kazini hata kama huna ombi, msibani au baada ya misa. Anayetafutwa siku ya shida tu huchoka, na ana haki. Ukisikia nafasi isiyokufaa, mpe mwenzako.

Hujapata cheti? Kiombe wiki hii.