Saratani ya Mlango wa Kizazi Isiyosubiri

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Kwa kawaida hukua polepole: tangu virusi vya HPV viingie mwilini hadi saratani ijitokeze, mara nyingi hupita miaka kumi au zaidi. Ndiyo maana uchunguzi wa siki, unaolenga hasa wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 50, huokoa maisha.

Hata hivyo, ipo aina moja adimu isiyofuata mwendo huo, nayo huitwa saratani ya seli ndogo. Katika kila wanawake 100 wenye saratani ya mlango wa kizazi, wenye aina hii hawafiki watano. Hukua kwa kasi na mapema husambaa kwa njia ya damu hadi kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo. Kwa kuwa inaweza kuota kati ya uchunguzi mmoja na mwingine, majibu mazuri ya mwaka jana hayatoshi kupuuza dalili za mwaka huu.

Dalili
Damu kutoka baada ya tendo la ndoa, kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya hedhi kukoma. Uchafu wenye harufu. Na maumivu ya nyonga. Mara nyingi dalili hizi husababishwa na maradhi mengine, lakini zote huhitaji kuchunguzwa.

Utambuzi
Macho ya mtaalamu hayawezi kutenganisha aina hii na nyingine. Huchukuliwa kinyama kidogo, kikapimwa maabara kwa darubini na rangi maalumu. Kisha hupigwa picha za kifua na tumbo ili kujua ugonjwa umefika wapi.

Matibabu
Kwa kuwa ugonjwa husambaa mapema, upasuaji au mionzi pekee haitoshi. Mgonjwa hupewa pia dawa za mishipa, hasa sisplatini na etoposidi, zitumikazo vilevile kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo. Kwa hiyo, majibu ya kinyama ndiyo yanayoelekeza tiba, na familia inapaswa kuyafuatilia hadi yapatikane.

Njia ya huduma
Mwanamke mwenye dalili aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apate rufaa kwenda hospitali za Dodoma, ikiwemo Benjamin Mkapa. Tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Asingoje mpunga uvunwe wala tarehe ya uchunguzi ujao: kwa aina hii, wiki chache zina uzito.

Kinga
Virusi vya HPV huonekana pia katika wagonjwa wengi wa aina hii. Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Mzazi ahakikishe binti yake amechanjwa.